Oili ya breki imejaa, sawa, lakini ina umri gani?

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena kauli ile ya kopo la oili ya breki kujaa. Kijana ameleta Subaru Impreza gereji, ya bluu, safi kuliko sahani za wageni. Turbo imebadilishwa ikawekwa kubwa, eksozi inanguruma mpaka majirani wanachungulia dirishani, springi zimeshushwa, rimu ni mpya. Kesho yake alikuwa anaenda siku ya treki, yaani kukimbiza gari kwenye uwanja wa mbio, kule Athi River. Nikamuuliza oili ya breki ilibadilishwa lini. Akafungua boneti, akalielekezea kidole kopo la oili hiyo. "Imejaa, fundi. Haijawahi kupungua."

Maneno hayo mwaka huu nimeyasikia hadi nimepoteza hesabu, na karibu kila mara yanatoka kwa mtu aliyemwaga malaki kwenye injini. Nimechoka kuyajibu nikiwa nimepiga magoti kando ya gurudumu, mwenye gari akiangalia saa. Leo nayajibu kwa maandishi.

Oili ya breki si kama oili ya injini. Ya injini inazunguka: inapanda juu, inashuka, inachujwa, inarudi. Ukichomoa kijiti cha kupimia unaona oili ile ile inayofanya kazi. Ya breki haizunguki, inasukuma tu. Ukikanyaga pedali inasogea kidogo kwenye mrija, pistoni inatoka, pedi inabana diski. Ukiachia, inarudi pale ilipokuwa. Iliyo ndani ya kalipa, kile chuma cha gurudumuni kinachobeba pistoni na pedi, inakaa humo mwaka baada ya mwaka, inapikwa na kupoa, inapikwa na kupoa, mpaka siku mtu atakapofungua niple, ile skrubu ndogo ya kutolea oili. Kwa hiyo ukichungulia kopo ukaona oili ya rangi ya asali, umeona kopo, hujaona kalipa. Nimewahi kufungua niple ya gari lenye kopo safi kabisa, kikatoka kitu cheusi kama kahawa ya turungi iliyolala kwenye birika.

Tena hilo la "haijawahi kupungua" lingepaswa kumtia mtu wasiwasi. Pedi zikiliwa, pistoni inasogea nje kufuata diski na oili inaifuata. Kopo hushuka polepole, na ndivyo linavyotakiwa kufanya. Gari linaloendeshwa kila siku ambalo kopo lake halishuki lina maelezo mawili: ama pedi bado ni mpya, ama kuna mtu anaongeza. Kijana wa kituo cha mafuta akikujazia hadi alama ya juu hakukusaidia. Amekuondolea onyo kwamba pedi zinakwisha.

Sasa maji. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yaani madaraja ya oili ya breki, zote hunywa unyevu wa hewa. Hazihitaji mtu azimwagie maji, unyevu unapenya wenyewe kupitia hosi za mpira na kifuniko cha kopo. DOT 4 ikiwa mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiasi kinachotumika kuipima, yaani asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. DOT 5.1 inatoka 260 hadi 180. Angalia hiyo ya DOT 4: nyuzi 75 zimepotea na kopo bado limejaa mpaka alama.

Kumbuka pia magari haya mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na sheria yetu inaruhusu hadi umri wa miaka 8. Likishuka bandarini Mombasa linaoshwa, linapigwa polishi, linauzwa. Wa kufungua niple nne za breki ni nadra. Huenda oili unayoendea nayo Athi River ilitiwa wewe ukiwa sekondari.

Watu huniambia, "Lakini breki zinashika vizuri tu, fundi." Ndiyo, mjini zinashika. Thika Road unafunga breki mara moja, halafu unakwenda kilomita nzima diski zikipepewa na upepo. Kwenye treki hakuna nafasi hiyo. Chukua gari la kilo 1,400 linaloingia kona kwa kilomita 120 kwa saa likashushwa hadi 50. Mwendo wote ule unageuka joto, na joto hilo, kiasi cha kilojuli 640, linatosha kuchemsha lita 2 za maji ya bomba mpaka yatokote. Breki moja, sekunde chache, sufuria ya chai ya familia. Halafu kona nyingine, sufuria nyingine, na mzunguko haujaisha. Anayejua harufu ya malori yanayoteremka kwenda Mai Mahiu anajua ninachosema, na yale yana gia za kuyasaidia.

Hapa ndipo turbo ya yule kijana inapoingia. Joto halipandi sambamba na mwendo, linapanda kwa mraba wake. Nguvu za ziada zikikufikisha kona ile ile kwa 140 badala ya 120, breki moja inazalisha joto zaidi ya asilimia 40 juu ya lile la mwanzo. Umeliongezea gari mbio ukaliachia breki za kwenda kununua mkate.

Breki zina njia mbili za kufa, na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza, pedali inakuwa laini, inazama, mwishowe inagusa sakafu. Hiyo ni oili imechemka. Mvuke ukiingia kwenye mrija, mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ya pili, pedali iko juu, ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa nguvu zote na gari halitaki kusimama. Hiyo ni pedi imepita joto lake, sehemu inayosugua imeungua, na oili haina kosa. Dawa ya moja haitibu nyingine. Nimeona mtu ambaye pedali yake ilizama akaenda kununua pedi za bei mbaya, akarudi treki, pedali ikazama tena, akalaumu pedi. Kuna mwingine alibadilisha oili mara mbili kwa mwezi mmoja na tatizo lake lilikuwa pedi za kawaida zilizoungua hadi uso ukawa kioo. Kwa hiyo ukija kwangu usiniambie "breki zilikataa". Niambie pedali ilikuwa wapi.

Kuna na ile ya kuegesha, ambayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote kwa sababu kuizuia ni bure. Mtu amepiga mizunguko mitano vizuri, pedali nzuri. Anaingia moja kwa moja kwenye maegesho, anazima, anavuta handibreki, anaenda kutafuta soda. Akirudi pedali imezama, haelewi, maana alipokuwa anakimbia ilikuwa sawa. Alipokuwa anakimbia, upepo ulikuwa unapita katikati ya diski. Aliposimama upepo umekatika, diski bado ina moto, na moto umepata njia moja: kupitia pedi, kwenye pistoni, hadi kwenye oili. Imechemka yeye akiwa kwenye foleni ya soda. Handibreki nayo imebana pedi au viatu vya breki vya nyuma juu ya chuma cha moto, na pedi ikibanwa hivyo huacha alama yake kwenye diski. Wiki inayofuata gari linatetemeka akifunga breki, anaambiwa diski zimepinda. Nyingi ninazoletewa kwa shtaka la kupinda hazijapinda, zimepakwa tabaka la pedi lisilo sawa.

Mzunguko wa mwisho endesha taratibu, usiguse breki kama unaweza. Ukifika egesha kwenye gia, weka jiwe nyuma ya tairi kama tulivyozoea. Handibreki iache.

Diski za kutobolewa nitazipitia haraka, maana nikikaa hapo nitakesha. Matundu yaliingia enzi pedi zilipokuwa zinatoa gesi nyingi. Pedi za leo hazina shida hiyo kwa kiasi kile. Kinachobaki ni diski yenye chuma pungufu cha kumeza joto na matundu ambayo nyufa huanzia pembeni mwake. Mifereji iliyochongwa kwenye diski ina faida, inakwangua uso wa pedi. Diski nzima isiyotobolewa, ya kampuni inayoeleweka, inatosha watu tisa kati ya kumi wanaokuja kwangu.

Sasa mambo ambayo mimi mwenyewe bado yananisumbua. Ile kalamu ya kupimia maji kwenye oili, yenye taa za kijani, njano na nyekundu, ninayo. Imewahi kuniwashia kijani kwenye gari ambalo pedali ilizama siku hiyo hiyo. Niliipima oili ya kopo, na kalipa ilikuwa na yake. Tangu hapo naitumia kumwogofya mteja ikiwaka nyekundu, lakini ikiwaka kijani siiamini.

Urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari, kama mita 1,700, unapunguza shinikizo la hewa, na kioevu chochote huchemka mapema kidogo. Hewa nyepesi pia inapoza diski kwa uvivu. Zamani nililipa jambo hili uzito mkubwa. Siku hizi naona maji yaliyomo ndani ya oili yanakula nyuzi nyingi zaidi kuliko mlima wetu, ila nikichagua kati ya oili mbili bado naongeza nafasi kwa ajili ya mlima.

Hosi za waya wa chuma nimezibadilishia mawazo mara mbili. Zinaifanya pedali iwe imara mguuni, hilo ni kweli. Kwamba zinapunguza umbali wa kusimama, sijawahi kuliona kwa macho yangu. Na kasha la ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, linanikera kuliko yote: oili iliyo ndani yake haitoki yote kwa kublidi kwa kawaida, yaani kuisukuma itoke kwenye niple. Kama kompyuta ya gari inakubali kuendesha pampu yake, naiendesha. Ikikataa, nampeleka mwenye gari kwenye murram mahali patupu, anafunga breki mpaka ABS igonge, tunarudi tunablidi tena. Inasaidia, lakini sijaridhika nayo.

Kazi yenyewe si kubwa. Lita moja ya oili mpya inatosha magari mengi. Inunue chupa ikiwa imefungwa. Niliwahi kuuziwa na duka moja chupa iliyofunguliwa, "imetumika kidogo tu", na chupa iliyofunguliwa imeanza kunywa unyevu tangu siku ile. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, hata kama namba inafanana na 5.1. Ikidondoka kwenye rangi osha kwa maji papo hapo, la sivyo rangi inabambuka.

Kwa Subaru ya bluu nilimweka mwanafunzi wangu ndani, mimi chini na mpira mwembamba kutoka kwenye niple hadi kwenye chupa ya plastiki. "Pampu. Pampu. Shika." Nafungua robo mzunguko. "Imezama, mkubwa." Nafunga. "Achia." Kalipa ya mbele kushoto ilitoa kwanza nyeusi, halafu kahawia yenye vijipovu, halafu nyeusi tena, na muda wote kopo tukilijaza mpya lisije likavuta hewa. Mpangilio wa magurudumu fuata kitabu cha gari lako, maana si yote yanayoanzia gurudumu la mbali. Kijana mwenye gari alichuchumaa kando yangu akaitazama ile chupa bila kusema kitu. Halafu akauliza kama ile ndiyo iliyokuwa inamsimamisha Waiyaki Way kila asubuhi. Nikamwambia ndiyo.

Tulipomaliza magurudumu yote manne oili ilikuwa inatoka safi, pedali imepanda juu. Nilimwambia pedi zake ni za mjini, hazitafika mwisho wa siku, apige mizunguko mitatu mitatu kisha apumzike. Pedi za treki hatukuziweka. Zile zikiwa baridi hazishiki vizuri, na yeye ndilo gari lake la kazini. Nilikaza nati za rimu, nikatoa jeki iliyokuwa imelegea kwenye buti, nikamkumbusha aisome bima yake, kwa sababu nyingi hazigusi kitu kilichotokea kwenye mbio.

Jumatatu alirudi. Alikuwa amepiga mizunguko sita mfululizo. Pedi za mbele zimeng'aa kama kioo na kingo zake zimegeuka nyeupe, gari lilimpitisha kona mbili akaishia kwenye nyasi, hakuna kilichogongwa. Nikamuuliza pedali ilikuwa wapi.

"Juu, fundi. Ngumu."

Pedi mpya tunaweka Ijumaa.