Kuiweka pikipiki muda mrefu Malindi: tunayoyaamini na yalivyo hasa

Ikifika Aprili, upepo wa kusi ukaanza kuvuma na wageni wakapungua mahotelini, pikipiki nyingi hapa Malindi husimamishwa. Kuna kijana aliyepata mkataba wa miaka 2 Saudia. Kuna mwanafunzi anayerudi chuoni Mombasa, na dereva wa boda aliyeona hali ngumu akaamua kwenda shambani Magarini mpaka mavuno. Pikipiki inasukumwa ukumbini au chini ya makuti, funguo anakabidhiwa mama, basi. Baada ya miezi inaletwa kwangu haiwaki, na karibu kila mwenyewe huniambia neno lilelile: "Fundi, hii haijatumika kabisa, itaharibikaje?"

Hapo ndipo makosa mengine yote yanapoanzia.

"Isipotumika haichakai"

Pikipiki inayotembea inajitunza yenyewe kwa kiasi kikubwa. Oili inazunguka na kupaka vyuma vya ndani, joto la injini linafukuza unyevu, betri inachajiwa, cheni inazunguka. Ikisimama, oili inateremka yote chini na kuta za silinda zinabaki na utando mwembamba tu. Kutoka hapo kilichobaki ni chuma na hewa, na hewa ya Malindi si hewa ya Nakuru.

Mawimbi yanapopasuka ufuoni hurusha chembe ndogo za maji ya bahari, upepo unazibeba mpaka mitaani, maji yanakauka na chumvi inabaki juu ya kila kitu. Bahari hii hii ndiyo inayovunwa chumvi kule Gongoni na Marereni. Sasa, chumvi ina tabia ya kunyonya maji ya hewani. Unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, chumvi hulowa yenyewe hata kama hakuna tone la mvua lililoanguka, na kwetu usiku mwingi wa masika unapita kiwango hicho. Ukitaka kuhakikisha, acha chumvi ya mezani kwenye kisahani usiku kucha mwezi wa Mei. Asubuhi utaikuta imeshikana na imelowa. Hivyo ndivyo inavyofanya juu ya spoki zako, ikitengeneza maji ya chumvi papo hapo kwenye chuma, usiku baada ya usiku, hata kama pikipiki iko ndani ya nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, na kuosha kwa maji matamu. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Ukioshea hayo unaongeza unachotaka kukitoa. Tumia ya mvua au ya mfereji. Ingia chini ya madgadi, kwenye spoki moja moja, chini ya injini, na pale sproketi ya mbele inapojificha nyuma ya kifuniko chake, maana hapo tope la zamani hukaa na chumvi yake. Ukimaliza, usiiweke ikiwa mbichi. Iendeshe mpaka Gede urudi. Upepo na joto la injini vitakausha mahali ambapo kitambaa hakifiki.

"Iwashwe dakika 5 kila wiki"

Hii naipinga kwa nguvu kuliko zote, kwa sababu anayeifanya huwa ni mtu anayejali.

Mwaka fulani mama mmoja aliniletea Boxer ya mwanawe aliyekuwa Saudia. Alinieleza kwa fahari: "Mwanangu, mimi nimeitunza vile alivyoniagiza. Kila Ijumaa baada ya swala kijana wa jirani anakuja kuiwasha, anaiacha iungurume kidogo, anazima." Nikafungua kifuniko cha kuongezea oili. Upande wa ndani, pale panapotakiwa kuwa na utando wa oili tu, palikuwa na kitu kizito rangi ya chai ya maziwa, kimeganda kama krimu. Nikampa akitazame, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hiki ni nini?"

"Ni maji na oili, Mama. Vimevurugana."

"Na maji yameingilia wapi? Haijanyeshewa hata siku moja."

Maji yanatoka kwenye petroli yenyewe. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Lita 1 iliyoungua huzaa maji yanayokaribia lita 1. Injini ikipata moto sawasawa, mvuke huo unatoka wote kupitia ekzosi na kishimo cha kupumulia. Ukiizima baada ya dakika 5 vyuma bado ni vuguvugu, kwa hiyo mvuke unapoa na kugeuka matone mle mle: mengine kwenye oili, mengine ndani ya bomba la ekzosi, ambalo huoza kuanzia ndani wakati nje bado linang'aa. Na betri haipati faida. Kuwasha kwa kitufe kunakula umeme mwingi, na injini ndogo ikiunguruma polepole hairudishi kilicholiwa.

Kuna njia 2 tu. Kama yuko mtu wa kuiendesha kweli, nusu saa barabarani, kila baada ya wiki 2 au 3, basi pikipiki haijawekwa, inatumika, na ni vizuri. Kama hayupo, iandae halafu iache kabisa. Mama yule hakuzembea hata kidogo, alifuata alichoambiwa. Ndiyo maana nasema maagizo tunayowaachia wazee wetu tuyafikirie.

"Petroli haiozi" na "tangi liachwe tupu"

Hizi mbili hukutwa kwa watu tofauti, na zote zina hatari yake.

Petroli inaharibika. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto haraka, inapotea hewani. Inayobaki hushikana na oksijeni na kuanza kutengeneza gundi. Kwa joto letu sipendi kuiamini ikishapita miezi 2 au 3. Utaijua kwa harufu: ile ya ukali ya kituo cha mafuta inatoweka, inakuja ya uchachu, kama rangi ya mbao iliyosahauliwa ndani ya kopo.

Panapoumia kwanza ni kabureta. Chini yake kuna kikombe kinachobeba mafuta machache tu, na mafuta machache ndiyo huharibika upesi. Nikikifungua kwenye pikipiki iliyolala mwaka mzima, nakuta sakafu ya kikombe ina utando wa rangi ya asali, mgumu, ukiukwangua kwa ukucha unabanduka vipande. Jeti ndogo, kile kipande chenye tundu kinachopitisha mafuta ya kuunguruma, tundu lake ni dogo kuliko jicho la sindano. Chembe moja ya gundi ile inatosha kuliziba. Ndipo utaona pikipiki inawaka ukivuta choki na kuzima ukiirudisha, na mwenyewe anauziwa plagi mpya, kisha koili mpya, na tatizo ni uchafu ambao ungezuiwa kwa kulegeza skrubu moja.

Funga koki ya mafuta, acha injini iwake mpaka ijizimie, kisha legeza skrubu iliyo chini ya kikombe umwage kilichobaki kwenye kopo. Usiishie kwenye kujizima tu. Injini huzima mafuta yakipungua, bado yapo mengine chini. Kama unapata dawa ya kuhifadhi petroli kwenye duka la vipuri, itie tangini kabla ya safari ile ya mwisho ili ifike mpaka kabureta.

Na tangi? Tangi la pikipiki hizi ni la chuma. Likiwa nusu, ile nusu ya juu ni chuma kitupu na hewa yetu yenye unyevu. Usiku linapoa na kuvuta hewa, mchana linapashwa moto na kuitoa, na kila mzunguko unaacha jasho ndani. Kwa miezi 6 kushuka chini, lijaze, ikiwezekana na dawa ile, mpaka karibu na shingo ili hewa isipate nafasi. Kwa mwaka na zaidi mimi namwaga yote, nakausha, namimina kikombe cha oili safi ya injini, nalizungusha kila upande mpaka ndani pote papakwe. Tupu bila kupakwa ndiyo hatari. Lile vumbi jekundu la kutu huteremka mpaka kwenye chujio siku ya kwanza ya kuwasha.

Tafadhali, kama tangi limejaa, pikipiki isilale karibu na jiko la mkaa wala mtungi wa gesi, wala kwenye chumba wanacholala watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni mpaka ufike kwenye moto.

"Oili nitabadilisha nikirudi"

Badilisha kabla. Oili iliyotumika imebeba maji, masizi na asidi za mwako, na hivyo vyote vitakaa vikiwa vimegusana na beringi zako muda wote uliopo mbali. Ni kama lita 1 tu kwa pikipiki ndogo. Ibadilishe injini ikiwa ya moto baada ya safari ya Gede, uchafu utoke nayo.

"Mafuta ya kupikia yanatosha"

Nimeona watu wakimimina mafuta ya kupikia kwenye tundu la plagi, kwa wazo zuri na kwa kitu kisichofaa. Mafuta ya mimea yakikaa kwenye hewa na joto hugeuka utando wa kunata, na pete za pistoni hushikwa. Kinachotakiwa ni oili safi ya injini, kijiko kimoja cha chai. Toa plagi, mimina, zima swichi, kaa pembeni ili tundu lisikutazame usoni, piga kiki polepole mara 5 au 6 oili isambae. Rudisha plagi. Kisha sukuma kiki kwa mkono mpaka uhisi inakataa. Hapo vali zote 2 zimefunga, hewa ya nje haiingii silindani.

"Betri ikiwekwa kwenye saruji inanyonywa"

Hii ina umri mkubwa, na huenda zamani ilikuwa na msingi, enzi za betri za maganda ya mbao na mpira yaliyovuja. Ganda la siku hizi ni plastiki. Saruji hainyonyi chochote kupitia plastiki. Betri inajimaliza yenyewe, popote ilipo, na joto ndilo linaloiharakisha: kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kasi hiyo huwa kama maradufu. Kwa hiyo badala ya kutafuta kipande cha ubao cha kuiwekea, tafuta mahali penye ubaridi na kivuli.

Itoe kwenye pikipiki, ukianza na waya wa hasi. Ikiwa ni ya maji, ongeza maji ya betri peke yake, usiongeze asidi na usitumie maji ya kisima. Ichaji ijae, na baada ya hapo ipimwe kila mwezi. Ikiwa imejaa husoma kama volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe tena, taratibu, kwa nusu ampea hivi kwa betri ndogo, mahali penye hewa. Ikiachwa chini ya hapo miezi mingi, bamba za risasi hushika ukoko mgumu ambao chaja haiuvunji.

"Toa upepo tairi zipumzike"

Tairi isiyo na upepo inakunjika ubavuni na kubaki na mkunjo huo. Jaza sawasawa, simamisha kwa stendi kubwa, na gurudumu lililobaki chini uweke ubao. Kila anayepita alizungushe kidogo.

"Ifunike kwa nailoni"

Nailoni inazuia mvua, na inafungia jasho ndani. Nimefunua pikipiki iliyokuwa imefungwa nailoni mpaka chini kwa kamba, nikakuta matone yamening'inia upande wa ndani na rimu zimepata madoa mekundu kila tone lilipodondokea. Leso kuukuu 2 zilizoshonwa pamoja ni bora. Zinazuia vumbi na kinyesi cha mijusi, na zinapumua. Kama ni chini ya makuti yanayovuja, weka turubai juu kwenye boriti, mbali na pikipiki, hewa ipite katikati.

Vyuma vilivyo wazi vipake oili safi nyembamba, lakini isifike kwenye breki wala tairi. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa, ikaushe, uipake ya cheni au oili mpya. Ile oili chafu tuliyozoea kuipaka ina vumbi la chuma na asidi. Inateleza leo na kusaga kesho.

Halafu panya. Hupenda sanduku la chujio la hewa, na nyigu hupenda tundu la ekzosi. Ziba ekzosi kwa kitambaa cha rangi kali, kiache mkia unaoning'inia nje uonekane.

Ukimaliza, chukua kipande cha kadibodi, andika kwa kalamu nzito, ukifunge kwenye mkono wa klachi. Cha yule mama, mwanawe aliporudi Saudia kwa mkataba wa pili, kiliandikwa hivi: "Tangi tupu, limepakwa oili. Kabureta kavu. Betri iko kabatini kwa Mama. Toa kitambaa chekundu kwenye ekzosi. ISIWASHWE."