Mwandishi si mwongozaji

Ukiketi na wapenda maigizo wa Nairobi, hukosi kusikia kwamba mchezo wa kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ule wa Oktoba 1976, uliongozwa jukwaani na Ngũgĩ wa Thiong'o. Sivyo. Ngũgĩ aliuandika pamoja na Micere Githae Mugo (ambaye naye husahaulika upesi, ajabu). Aliyeuongoza ni Seth Adagala.

Kosa hili linaeleweka. Jina la mwandishi hubaki kwenye jalada la kitabu na wanafunzi hulikariri. Kazi ya mwongozaji huyeyuka taa zikizimwa. Mwandishi anaandika, "Kimathi anaingia." Aingie kupitia wapi, kwa hatua za haraka au za kusita? Askari wasimame umbali gani? Kimya kiachwe hadi watazamaji waanze kujikohoza? Hayo huamuliwa mazoezini, penseli mkononi, na kurudiwa hadi waigizaji wachoke.

Mchezo ulipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa wa Kenya, jengo lililofunguliwa 1952, enzi za ukoloni. Hata hivyo, wimbo wa mwisho ulipoimbwa, watazamaji waliinuka, wakacheza pamoja na waigizaji hadi barabarani, mkabala na hoteli ya Norfolk. Mwaka uliofuata mchezo ukapelekwa Lagos, kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi na Waafrika.

Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya 1977, pia huhesabiwa kuwa ya Ngũgĩ peke yake. Aliiandika na Ngũgĩ wa Mirii. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau.