Kuvunja vidole si kuvunja: yasemwayo kuhusu mlio wa viungo, na ukweli wake

Nairobi, mtu anapovivuta au kuvikunja vidole hadi vilie, tunasema "kuvunja vidole". Wapo wasemao "kualisha vidole", na kwa maoni yangu hilo ndilo jina lililo sahihi zaidi, kwa kuwa kualisha ni kutoa mlio tu, wala hakudai kwamba kuna kitu kilichoharibika. Waingereza nao hutumia neno "crack", kitenzi kilekile wanachokitumia yai linapopasuliwa au kikombe kinapopata ufa. Kwa hiyo mtoto anayekulia Nairobi, awe anazungumza Kiswahili nyumbani au Kiingereza shuleni, husikia mlio huo ukiitwa kwa jina la uharibifu kabla ya mtu yeyote kumweleza unakotoka. Naamini sehemu kubwa ya hofu tuliyo nayo imezaliwa humo ndani ya jina.

"Ni mifupa inayogongana"

Mifupa miwili inapokutana kwenye kifundo cha kidole, ncha zake hufunikwa na gegedu, yaani utando laini unaoteleza, na kiungo chote huzungukwa na mfuko uliofungwa, wenye ute mzito wa kukilainisha. Ndani ya ute huo mna gesi iliyoyeyuka. Mtu anapokivuta kidole au kukikunja kwa nguvu, nyuso mbili za kiungo kwanza hung'ang'aniana, kama sahani mbili zilizolowa ambazo zimepandana kabatini, kisha huachana kwa ghafla. Nafasi iliyo kati yake hupanuka, shinikizo la ute hushuka, na gesi hujitenga na kufanya kiputo.

Hayo yalianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1947, Roston na Wheeler Haines wa London walipiga picha za eksirei za vidole vilivyokuwa vikivutwa, wakaueleza mlio kuwa unatokana na kutokea kwa nafasi hiyo ya gesi. Mwaka 1971 watafiti wa Leeds walipinga, wakasema kinacholia ni kiputo kinapoporomoka. Mwaka 2015, Greg Kawchuk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta viungo 10 vya vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, wakaona uwazi ukitokea kwa muda usiofika nusu sekunde, sambamba na mlio, na uwazi huo ukabaki palepale mlio ulipokwisha. Mwaka 2018 wataalamu wengine wakaonyesha kwa hesabu kwamba kiputo kikinywea kidogo tu, bila kutoweka, kinatosha kutoa sauti hiyo. Wanasayansi hawa wanabishana kuhusu kitendo cha chini ya sekunde moja, lakini pande zote zinazungumzia gesi na ute. Hakuna hata mmoja anayetaja mfupa kugonga mfupa.

Msomaji anaweza kulipima jambo hili kwa mkono wake mwenyewe. Kidole kilicholia hakitalia tena papo hapo hata kivutwe vipi. Kinahitaji takriban dakika 20, muda ambao gesi hurudi kuyeyuka ndani ya ute. Laiti ingekuwa ni mifupa inayogongana, isingehitaji kusubiri.

"Utapata baridi yabisi uzeeni"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na haiko Nairobi peke yake. Donald Unger, daktari wa California, alionywa hivyo na mama yake, na shangazi zake, na baadaye na mama mkwe wake. Kwa miaka 50 aliviliza vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku, ambazo kwa hesabu yake ni mara 36,500 au zaidi, huku mkono wa kulia akiuacha ili ulinganishwe. Mwaka 1998 aliandika katika jarida la kitabibu kwamba hakuona ugonjwa katika mkono wowote, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaomchekesha mtu kwanza, kisha ukamfikirisha. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Uzito zaidi uko katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, uliowachunguza watu 215 wenye umri wa miaka 50 hadi 89 waliokuwa na picha za eksirei za mikono. Waliopatikana na uchakavu wa viungo walikuwa asilimia 18.1 miongoni mwa wenye mazoea hayo, na asilimia 21.5 miongoni mwa wasio nayo. Hata miaka ambayo mtu alikuwa ameendelea na mazoea hayo haikubadilisha matokeo.

Hapa sina budi kulitaja jina jingine linalopotosha. "Baridi yabisi" tunaliweka juu ya magonjwa yaliyo tofauti kabisa. Upo uchakavu wa gegedu, unaochochewa na umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani na urithi. Upo pia ugonjwa ambao kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake yenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoanzishwa na baridi ya Julai, ingawa wagonjwa wengi husema maumivu huwazidi msimu huo.

Nalisisitiza kwa sababu nimeona hasara yake. Jirani yangu mmoja wa mtaa wa Umoja, mama anayeshona nguo, alikaa miezi mingi akiamka na vidole vilivyokakamaa, visivyokunjika, mikono yote miwili, hadi jua lilipokuwa limepanda. Nilipomuuliza kwa nini haendi kumwona daktari, alinijibu, "Nilijiletea mwenyewe, mwanangu. Nilikatazwa kuvunja vidole nikiwa msichana, nikakaidi." Aliposhawishika kwenda, ulikuwa ni huo ugonjwa wa kinga ya mwili, ambao dawa zake hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla gegedu na mfupa havijaliwa. Kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa saa nzima, pamoja na uvimbe wa vifundo vilevile kulia na kushoto, ni dalili ya kupelekwa hospitali. Hayo si malipo ya makosa ya utotoni.

"Vidole vitanenepa, na mkono utakosa nguvu"

Dhana hii ina chanzo: utafiti wa mwaka 1990 wa watu 300 ulikuta mikono iliyovimba na yenye kushika kwa udhaifu miongoni mwa wenye mazoea hayo. Lakini uchunguzi wa mwaka 2017, uliotazama viungo 400 kwa altrasaundi (picha za mawimbi ya sauti), haukuona uvimbe wala kilema baada ya mlio, na mwingine wa mwaka huohuo haukuona tofauti ya nguvu za kushika.

"Basi kila mlio ni salama"

Hili nalo ni kosa, na huwanasa wale waliokwisha kusoma kwamba vidole havina neno. Goti linalokwaruza kila linapokunjwa, bila zile dakika 20 za kupumzika, halitoi mlio wa kiputo. Na likiwa linauma au limevimba, au kama mlio ulitokea siku ulipoanguka, linafaa kuchunguzwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni shingo. Katika vinyozi vingi vya jiji hili, mteja akishaoshwa kichwa na kukandwa mabega, mkandaji huushika utosi na kidevu, kisha huizungusha shingo kwa ghafla mpaka ilie, na wengi huifurahia huduma hiyo. Shingo haifanani na kidole. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupita katika matundu ya pingili za shingo, na madaktari wameandika visa vya watu ambao mshipa huo ulichanika baada ya shingo kuzungushwa, wakapatwa na kiharusi. Visa hivyo ni nadra, lakini ni vya kweli, na wamo vijana. Maumivu makali mapya ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili-viwili, ulimi mzito au upande mmoja wa mwili kulegea baada ya huduma kama hiyo ni mambo ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Mimi humwambia anayenihudumia kabla hajaanza: "Ndugu yangu, kanda mabega upendavyo, lakini shingo usiizungushe." Hajawahi kukasirika.