Je, Wajua? Popo wa Nchi za Baridi Huishije Miezi Sita Bila Kula?

Asubuhi, chini ya mkungu wowote hapa Dar, utakuta makungu yaliyotafunwa na popo usiku. Hata Julai, sisi tukitafuta sweta kwa nyuzi 19, wao wanaendelea kula.

Popo mdogo wa kahawia wa Marekani ya Kaskazini hana bahati hiyo. Ana gramu 8 hivi na chakula chake ni wadudu, ambao baridi ikiingia hutoweka. Kinachomtisha basi ni njaa kuliko baridi yenyewe. Popo wengine huhama. Wapo wa Ulaya wanaoruka zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pwani ya Baltiki kwenda kusini-magharibi. Yeye huingia pangoni.

Kabla ya hapo hunenepa kwa gramu 2 hivi za mafuta. Kisha anauachia mwili upoe hadi karibu sawa na pango, nyuzi 2 hadi 8. Moyo, ambao akiruka hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, hushuka hadi 20 au pungufu. Kuning'inia hakumgharimu kitu: uzito wake wenyewe huvuta kano za miguu na kucha zikajifunga. Pango lazima liwe na unyevu mwingi, kwa kuwa mabawa ni ngozi tupu na hupoteza maji haraka.

Gharama iko kwenye kuamka. Kila wiki mbili hivi huamka kwa saa chache, pengine anywe maji, na kuupasha mwili moto upya huanza na mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni, kati ya mabega. Saa hizo chache ndizo zinazomaliza sehemu kubwa ya akiba ya msimu mzima. Ndiyo maana mtu anayeingia pangoni na tochi na kelele anaweza kuwaua popo bila kuwagusa.

Kuvu iliyoonekana kwa popo wa jimbo la New York mwaka 2006 huua kwa njia hiyohiyo. Hustawi kwenye baridi, huwaota puani na mabawani, na kuwaamsha mara kwa mara. Mafuta huisha Februari, nje bado theluji. Imekwishaua mamilioni.

Jike huhitaji salio zaidi ya dume. Alipandwa tangu Septemba, akatunza mbegu mwilini baridi yote, na hushika mimba akishatoka pangoni, wadudu wakiwa ndiyo kwanza wanarudi.