Kidato cha bibi harusi

Mwezi uliopita alinijia ofisini binti wa miaka 20, amefuatana na mama yake mdogo. Mzaliwa wa Wete, kidato cha sita amemalizia hukohuko Pemba, na sasa anakaa hapa Unguja, Kwamtipura, na mama yake mdogo huyo ambaye kazi yake ni kupamba kumbi za harusi. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ni msanifu majengo na kwamba huwa nawapokea vijana. Akaingia, akanipa shikamoo, nikamwambia karibu mwanangu, kaa kitako, nambie.

Alinipa simu yake kwanza. Ndani mlikuwa na majumba kumi na moja aliyoyabuni kwa programu ya bure: ghorofa mbili mbili, vioo kutoka sakafuni hadi darini, bwawa la kuogelea mbele, minazi miwili pembeni. Rangi zimepangika na vivuli vimekaa panapostahili. Nikamuuliza: jua la saa kumi alasiri linaingilia wapi hapa? Akatazama simu, akanitazama mimi. "Sijui, mama."

Kutojua huko wala hakukunishangaza. Programu zile humpa mtu kiwanja cheupe kisicho na mashariki wala magharibi, kisicho na kaskazi wala kusi. Mwanafunzi akijaza vioo humo, hakuna kinachomwambia kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua, mwanga ukafika kwenye kochi, sakafu na ukuta ukageuka joto, na joto hilo likawa halitoki kwa wepesi ule lililoingilia. Upande wa magharibi ndio mgumu zaidi, kwa sababu jua la alasiri limeinama na upenu wa paa hauwezi kulizuia. Nyumba ya namna ile hapa Unguja itaishi kwa umeme wa viyoyozi, na siku umeme ukikatika haikaliki.

Nilimweleza hayo nikaona anavunjika moyo. Hapo mama yake mdogo akamwambia: "Si umuonyeshe na lile daftari lako la kazi?" Akasita. Akaona haya kulitoa, maana ni daftari la hesabu la miraba, jalada limeshachanika na ndani mna vipande vya vitambaa vilivyobandikwa kwa stepla.

Daftari lile ndilo lililonifanya niandike haya.

Mlikuwa na michoro ya steji za harusi, zaidi ya ishirini. Kila moja ina vipimo, idadi ya mbao, mita za kitambaa, na nani atabeba nini kutoka kwenye gari. Katika ukurasa mmoja kulikuwa na mchoro wa ngazi ya kupandia steji, umefutwa na kuchorwa upya mara tatu. Nikamuuliza habari yake. Akasema steji waliyoirithi kwa fundi wa mwanzo ilikuwa na kimo cha sentimita 50 na vidato viwili, kila kidato 25, na pa kukanyaga ni 20 tu. "Bibi harusi anakuwa ameshika gauni kwa mikono miwili, miguu yake haioni. Nikaona kila anayepanda anasita palepale. Mmoja akajikwaa mbele za watu."

Basi akaenda kupima. Alipima ngazi za skuli yake ya zamani alipokwenda likizo, akapima za jumba la Michenzani anakokaa shoga yake, akapima na za nyumba moja ya Mji Mkongwe iliyokuwa na ngazi kali mno. Kila mahali alipanda na kushuka huku ameinua sketi kwa mikono miwili, akaandika palipomkalia vizuri. Mwisho akaishusha steji hadi sentimita 45, akagawa kimo hicho mara tatu, kila kidato sentimita 15, na pa kukanyaga akaweka 32.

Chukueni kalamu. Kumi na tano na kumi na tano ni thelathini, jumlisha thelathini na mbili, unapata 62. Kanuni ya ngazi tunayofundishwa mwaka wa kwanza ni hiyo: kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, jumla ije baina ya sentimita 60 na 64 hivi. Imetoka kwenye urefu wa hatua ya mtu, na Mfaransa François Blondel aliiandika tangu karne ya 17. Ngazi yao ya kwanza ilikuwa inatoa 70, ndiyo maana watu walikuwa wakisita. Binti huyu hajawahi kumsikia Blondel. Ameifikia hesabu ile kwa kutazama miguu ya wanawake waliovaa magauni marefu.

Nilimwambia kwamba ukurasa ule peke yake una usanifu mwingi kuliko majumba yote kumi na moja ya kwenye simu, nami nilimaanisha. Ameona mwili wa mtu unapata taabu, akaitafuta sababu, akaipima, akajenga, akarekebisha. Anayefanya hivyo kwa ubao na kitambaa anaweza kufundishwa kufanya hivyo kwa mawe na zege. Asiye na jicho hilo hufundishika kwa shida, hata akiwa bingwa wa kompyuta.

Wiki iliyofuata nikampeleka mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, kwenye nyumba tunayoitengeneza. Nilimpa futi kamba na karatasi, nikamwambia apime chumba kimoja tu cha ghorofa ya kwanza. Alirudi baada ya nusu saa: upana mita 2.7, urefu mita 8 na kitu. "Mama, mbona chumba chembamba hivi na nyumba ni kubwa?"

Swali hilo nilikuwa nalingoja. Nikamwambia atazame juu. Dari za nyumba zetu za mawe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti madhubuti iliyonyooka haiendi mbali sana: baina ya mita mbili na nusu na tatu, basi. Juu yake hupangwa mawe, ikamwagwa chokaa, zamani ikapigwa kwa vigongo mpaka ikakaza. Mzigo huo wote unaobebwa na kijiti cha mkoko ndio uliokata upana wa vyumba vya pwani yetu. Urefu unaweza kuongeza utakavyo, upana hapana. Kwa hiyo mtu mwenye mali alijenga vyumba virefu, akavipanga kuzunguka ua, na ua ukawa ndio pumzi ya nyumba. Umbo zima la nyumba linaanzia kwenye mti unaoota katika matope ya bahari.

Ukitaka kuona nini hutokea mtu anapoiacha boriti, nenda Forodhani. Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ina nguzo za chuma na baraza pana za ghorofani zinazoizunguka, jambo ambalo boriti peke yake zisingeliweza. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Siku ile nililia kama nimefiwa, na hadi leo nikipita pale nahisi kitu kifuani. Wanafunzi wote ninaowapata nawapeleka pale wasimame watazame, kwa sababu jengo lolote, hata la sultani, linadai kutunzwa kila mwaka.

Tukarudi kwenye karatasi yake. Alikuwa amechora chumba kama mstatili, pembe zote sawasawa. Nikamwambia apime na mshazari, kona hadi kona, zote mbili. Zikapishana kwa sentimita 14. Akadhani amekosea, akapima tena. Hajakosea. Nyumba za Mji Mkongwe zimefuata kichochoro na ukuta wa jirani, kwa hiyo chumba chenye pembe mraba kamili ni nadra. Ndiyo maana hatupimi pande peke yake. Unachukua pande mbili na mshazari wake, unapata pembetatu, na pembetatu ikishajulikana pande zake tatu haiwezi kuchezacheza. Ukifika mezani unaichora kwa bikari. Mafundi waashi wanaitumia hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine wanapoweka msingi kwa kamba: tatu, nne, tano, na kona imekaa mraba. Aliposikia hilo akacheka, akasema kumbe ndicho anachofanya yule fundi seremala wao kila wanapounga fremu ya steji, naye hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Jambo moja zaidi nilimwonyesha pale, na hili lina uchungu wangu. Ukuta wa chini, upande wa kichochoro, una lipu iliyovimba na kudondoka kama magamba. Nilipokuwa kijana kazini niliwahi kukubali kupiga lipu ya saruji kwenye nyumba ya namna hii, mwenye nyumba akiitaka kwa sababu ni ngumu na inakauka upesi. Nilijua si sawa, nikanyamaza. Haikupita masika ya pili, lipu ikaanza kuachia, na iling'oka pamoja na jiwe. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na huutoa kidogo kidogo kupitia usoni mwake. Saruji hufunga njia hiyo. Maji na chumvi hubakia ndani, chumvi ikikauka hupanuka na kuumega ukuta. Chokaa, kinyume chake, ni jiwe lililochomwa, likazimwa kwa maji, na likishawekwa ukutani huvuta hewa ya ukaa polepole mpaka linarudi kuwa jiwe. Linakwenda pamoja na ukuta. Binti alikwangua kidogo kwa ukucha, akaonja ncha ya kidole, akasema "chumvi kweli." Mie sikumwambia aonje.

Sasa habari ya masomo, maana hilo ndilo lililomleta. Shahada ya usanifu majengo wengi wetu tumekwenda kuisomea Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Ni masomo marefu kuliko shahada za kawaida za miaka mitatu, na hayaishii hapo: ukishamaliza unafanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, ndipo uende kwenye bodi ya usajili. Sifa za kuingilia zimo katika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaotoka kila mwaka, na nimemsisitiza asome wa mwaka huu, asisikilize maneno ya mtaani. Kwa gharama, ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Matokeo yake ya hisabati hayakuwa mazuri kama alivyotaka. Ikishindikana moja kwa moja, ipo njia ya stashahada, na Taasisi ya Karume pale Mbweni inafundisha mambo ya ujenzi. Njia hiyo ni ndefu, lakini mtu aliyepitia stashahada huja chuoni ameshashika nondo na ameshaona zege ikimwagwa.

Nilimwambia pia asidhani watu waliobuni majengo makubwa ya nchi hii wote ni wageni. Kila anapokwenda Dar kununua vitambaa anapita Kariakoo. Soko lile lenye miavuli ya zege lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania. Amepita pale mara nyingi, amebeba majora kichwani, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tukakubaliana aandae jalada la kazi zake, na kwamba majumba ya vioo ayaweke kando kwanza. Nilimpa kazi moja: akienda Pemba, aipime nyumba ya bibi yake.

Alhamisi iliyopita alirudi. Nyumba ya bibi ni ya kiambaza, fito na udongo, imeezekwa makuti nyuma na bati mbele. Karatasi ilikuwa safi, mishazari imepimwa, jiko la uani limewekwa mahali pake, kisima, mfenesi, hata kamba ya kuanikia. Lakini uani kulikuwa na mistatili midogo mitano ambayo sikuielewa, kila mmoja na saa yake pembeni.

"Hii nini, mwanangu?"

"Mkeka wa bibi. Anahama na kivuli. Asubuhi yuko hapa kwenye upenu, saa nne anasogea chini ya mfenesi, adhuhuri anaingia ndani, alasiri anatoka upande huu wa jiko. Jua likishazama anarudi mbele kuzungumza na wapitao." Akaweka kidole katikati ya ile mistatili. "Nafikiri baraza yake ingefaa iwe hapa, ipinde kona, asiwe anabeba mkeka. Miguu inamuuma."

Nilikaa kimya muda. Yule aliyekuwa hajui jua la saa kumi linaingilia wapi, sasa amelichora siku nzima.

Nikamuuliza upenu una kimo gani kutoka chini, maana bila hicho hatuwezi kujua kivuli kitafika wapi mwezi wa Disemba na kitafika wapi mwezi wa Juni. Hakuwa amekipima. Akalikunja futi kamba, akalitia mkobani, akaniuliza boti ya Jumamosi inaondoka saa ngapi.