Deki ya CD ya biti 14 haishindwi kirahisi hivyo

Deki ya Sony CDP-101 ya 1982 ina biti 16 (tarakimu za kupimia kila kipande cha sauti), Philips CD100 ina 14, basi Sony ina sauti bora: ndivyo wengi wanavyohukumu. Hesabu hiyo ina pengo. Philips iliongeza sampuli, yaani vipimo vya sauti, mara nne, kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde, ikasukumia kelele nyingi kwenye masafa yasiyosikika. Usahihi ukakaribia biti 16. Sony nayo ilitumia kigeuzi kimoja cha namba kuwa sauti kwa chaneli mbili, kwa zamu, hivyo upande mmoja huchelewa kidogo. Ukichanganya chaneli hizo kuwa mono (chaneli moja), sauti nyembamba za juu hufifia.

Ukilinganisha deki hizo nyumbani, anza na volti. Cheza toni ya 400 Hz, pima volti za AC (umeme geu) kwenye tundu za kutolea sauti. Moja ikitoa volti 2.0 na nyingine 2.2, hiyo ya pili itasikika kubwa zaidi kwa karibu desibeli 0.8, nawe utaiita “safi zaidi” bure. Punguza sauti ya hiyo yenye volti zaidi mpaka tofauti isizidi volti 0.02. Halafu kagua kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme): zikikauka, besi hupwaya, na lawama huangukia biti.