Nani anatia upepo ile kinga?

Kila mwaka baridi inapoingia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mwezi wa sita na wa saba, tunapanga viti vya plastiki kwenye nyua za Katuba na za Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji, si nchi ya Kenya) na kucheza michezo mipya ya kuigiza. Mvua tumeagana nayo na haitarudi mpaka mwaka uelekee mwisho. Tabu ni giza. Kabla ya saa kumi na mbili jioni jua limeshazama, na umeme hauna ahadi. Kwa hiyo tunaanza saa tisa alasiri, na mchezo lazima uishe watu wakiwa bado wanaonana nyuso. Mji huu ulijengewa jumba la tiatre wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1950. Leo linaitwa Jengo la 30 Juni na Bunge la mkoa linakaa humo. Sisi tuko uani, na uani panatutosha.

Kazi yangu inaanza wiki tatu kabla ya viti kufika. Naongoza warsha za kusimulia, na kutokana na masimulizi hayo tunapata michezo. Kila mara kuna kijana anayekuja na daftari jipya na kalamu mbili, akiniuliza mchezo unaandikwaje. Namwomba aliweke chini ya kiti. Mchezo wa mtaa unasemwa kwanza, unasemwa tena na tena, na karatasi inakuja mwishoni kabisa, kama mtu anayefunga mlango wageni wakishaingia.

Njia hii nimeikuta. Wazee wa hapa wanalikumbuka kundi la maigizo la Mufwankolo, lililosikika redioni na kuonekana kwenye televisheni kwa miaka mingi, likicheza kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mezani na marafiki katika mji huu. Kuku ameletwa, na ilipofika zamu ya firigisi akaambiwa msemo kwa Kifaransa, kwamba madaraka huliwa mazima, hayakatwi vipande. Akawauliza wachezaji wa Mufwankolo msemo huo maana yake nini. Wao wakaugeuza kuwa mchezo. Walibishana kwanza juu ya maana, wakapanga hadithi, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe kwenye mazoezi. Mwishowe wakaucheza kijijini Kawama mbele ya kamera. Fabian alirekodi mabishano yote, na kitabu chake kilitoka mwaka 1990. Mimi ninayafundisha mabishano hayo kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu humo unamwona mtu akisema jambo, mwenzake akilikataa, na wa tatu akilishika na kulifanya tukio.

Sasa niwaonyeshe zoezi ninalolitegemea zaidi. Naliita midomo mitatu. Mtu wa kwanza anasimulia jambo lililompata, dakika tano, kwa mtu mmoja tu. Aliyesikiliza anasimama mbele ya wote na kulisimulia upya akisema "mimi", kana kwamba ni lake. Mwenyewe anakaa kimya, hasahihishi. Kisha wa tatu, aliyelisikia kwa huyu wa pili, hasimulii: anauliza swali moja tu. Mwenye hadithi ndiye anayejibu.

Msimu uliopita mama mmoja muuza makala (ndiyo makaa) alituambia hivi. Kulikuwa na mwanaume aliyemletea mifuko kwa kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, kutoka barabara ya Kasenga. Siku moja akaomba pesa ya mifuko minne kabla hajaileta, akamwachia kinga kama rehani, akaondoka. Miezi minane, kimya. Mama alilisimulia kama deni: mifuko minne, bei yake, hasara yake. Hadithi ya pesa. Kijana aliyeipokea akaisimulia vizuri, akaongeza kitu ambacho mama alikitaja kwa kupita tu, kwamba watoto wa jirani wanakuja kupiga kengele ya ile kinga. Watu wakacheka kidogo. Kisha mzee mmoja, fundi cherehani, akauliza swali lake taratibu:

"Mama, kinga inakaa miezi minane kwa ukuta, mipira haijaisha upepo. Ni nani anatia upepo?"

Mama akatazama chini. Akafunga kitenge chake upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Njo miye," akasema. "Kila siku ya Mungu. Akirudia, asikute imekufa."

Hapo mchezo ulikuwa umeshapatikana, na hakuna kati yetu ambaye angeweza kuutunga. Mtu anayedai pesa anaitunza mali ya mdaiwa wake kila Jumapili, ndiyo siku ya Mungu kwetu, kwa pampu ya mkono, bila kumwambia mtu. Ningempa kijana wangu daftari siku ya kwanza, angeandika mchezo kuhusu wadanganyifu.

Baada ya hapo tunatengeneza mupango. Ni ukurasa mmoja. Kwa kila tukio tunaandika nani anaingia, anataka nini, na anaficha nini. Hilo la tatu ndilo linalobeba mengine. Kwenye mchezo wa kinga, mama anaficha pampu ndani ya mfuko wa makala, na binti yake anaijua pampu ilipo tangu tukio la kwanza. Maneno hatuyaandiki. Wachezaji wanayatafuta wakiwa wamesimama, na tunarudia tukio hata mara kumi, mpaka maneno yaanze kurudi yenyewe kila siku.

Kwenye lugha siachi hata kidogo. Mwandishi wetu kijana, aliyesoma vizuri, aliwahi kumpa mchezaji sentensi hii: "Naomba unieleze mahali alipo mume wangu." Mchezaji akaisema, na uani pakapoa. Nikamwambia mchezaji aulize kama angeuliza kwao. Akasema: "Bwana yangu eko wapi?" Mbwa wa jirani tu ndiye hakugeuka. Kiswahili sanifu ninakipenda, ndicho ninachokiandika hapa, lakini mama wa Katuba hamtafuti mume wake kwa sanifu. Karani akiongea Kifaransa, mwacheni aongee Kifaransa. Bibi akimlilia Mungu kwa Kibemba au Kiluba, asitafsiriwe. Watazamaji wetu wanaishi ndani ya lugha hizo zote kabla ya saa sita mchana.

Nina uchungu na jambo moja, na nitalisema. Kwa miaka mingi vijana wetu wamelipwa kucheza ujumbe: nawa mikono, peleka mtoto chanjo. Wakati wa kipindupindu ujumbe huo unaokoa watu, na mimi mwenyewe nimeucheza. Lakini umewazoesha kuamini kwamba mchezo unaanza na jibu. Wanakuja warshani wakiniuliza, "Ujumbe wetu ni nini?" kabla hawajajua nani yuko jukwaani. Mwaka fulani mfadhili mmoja alituomba tumalizie kila mchezo kwa mchezaji kusimama na kueleza funzo. Tulikataa, pesa ikaenda kwingine, na viti tukaazima kwa majirani na kanisani. Mpaka leo naona tulifanya sawa.

Wiki ya mwisho mazoezi yanafanyika wazi. Mlango wa uani unaachwa, anayepita anaingia. Kule Kamiriithu, karibu na Limuru (hii sasa ni Kenya ya nchi), mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walifanya hivyohivyo. Waliokuja kutazama mazoezi walisahihisha mchezo, wakawa wenye mchezo. Serikali ikauzuia mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Nadhani walioogopa waliogopa mazoezi kuliko onyesho.

Kwetu, siku ya kwanza ya mazoezi wazi, mwanaume mwenye viatu vya vumbi jekundu aliinuka katikati ya tukio. Mchezaji wetu alikuwa anaingia na kinga yenye mifuko, akiisukuma kwa mikono miwili kwenye usukani. "Hapana," akasema, "vile utaangusha." Akaja mbele, akaweka mkono mmoja tu kwenye usukani, bega akaliegemeza kwenye mfuko, akatembea nusu-upande akizunguka uani. Alikuwa mleta makala. Kuanzia hapo mchezaji wetu alitembea hivyo, na ukimtazama ulijua kilomita alizotoka bila kuambiwa.

Hadithi ni mali ya aliyeisimulia, kwa hiyo kabla ya onyesho tunamwuliza nini kibadilishwe. Mama aliomba mambo mawili. Jina la yule mwanaume lisitajwe, na kwenye mchezo asife. Baadhi ya wachezaji walitaka afe, kifo kinaliza watu. Tukamsikiliza mama. Mchezo wetu unaisha kinga ikiwa bado ukutani.

Siku yenyewe alikataa kukaa mbele, akakaa pembeni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, shali mabegani. Kwenye tukio la mwisho, binti aliyemwigiza alitoa pampu mfukoni, akapiga magoti, akaanza kutia upepo kwa nguvu, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Sauti ikatoka pembeni, si kubwa:

"Polepole, mwanangu. Ile mupira iko ya zamani."

Binti akapunguza. Akatia upepo mara moja, akasubiri, akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akatia tena. Usiku huo nikafungua ukurasa wa mupango na kuandika pale chini: polepole, abonyeze kwanza.